Cholmondeley: jina la herufi 12 linalotamkwa "Chamli"

Ukilisoma jina Cholmondeley kwa kanuni za Kiswahili, silabi kwa silabi, utafika mwisho pumzi zimekwisha na bado utakuwa umekosea. Lina herufi 12, lakini wenyewe hulitamka "Chamli". L ya kwanza haisikiki. O ya pili, N, D na E inayofuata nazo hazisikiki. Zimeandikwa, zinarithiwa kizazi baada ya kizazi, na hakuna anayezitamka.

Ni jina adimu, na Waingereza wengi huishi maisha yao yote bila kukutana na mtu mwenye jina hilo. Hata hivyo, anayetaka kuelewa majina ya ukoo ya Kiingereza yalitoka wapi hawezi kupata mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu mambo yote makubwa yamo humo: kijiji, ardhi, urithi, vyeo, na ugomvi wa muda mrefu kati ya mdomo na kalamu. Tena jina hili lilifika Bonde la Ufa nchini Kenya na kubadili maisha ya watu wengi, ingawa wengi wa watu hao hawakuwahi kulisikia. Lilikuja limefunikwa na jina jingine.

Tuanze na mahali penyewe. Cholmondeley ni kijiji kidogo karibu na mji wa Malpas, kusini-magharibi mwa Cheshire, jimbo la Uingereza linalopakana na Wales. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka nchi. Karibu miaka 20 baadaye mfalme wao, William, aliamuru ardhi yote iandikwe, mmiliki kwa mmiliki, ili ajue anatawala nini na atatoza kodi kiasi gani. Katika daftari hilo la mwaka 1086, ambalo Waingereza huliita Domesday, kijiji chetu kimeandikwa Calmundelei. Kilikuwapo zamani kabla ya Wanormani, maana jina lake ni la Kiingereza cha kale tupu.

Limeunganishwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni Ceolmund, jina la mwanamume. Waingereza wa zama zile walipenda kumpa mtoto jina la maneno mawili yaliyoshikanishwa: ceol ni meli na mund ni ulinzi. Si lazima maneno hayo yatoe maana moja iliyonyooka. Yalichaguliwa kwa uzito wake, na mara nyingi kwa sababu neno mojawapo lilikuwamo katika jina la baba au babu. Mund hiyo hiyo imo katika jina Edmund, linalotumika mpaka leo Arusha na Kisumu, ila humo imetanguliwa na neno la mali. Kipande cha pili ni lēah, yaani mahali palipofyekwa msituni. Kwa hiyo Cholmondeley ni pori lililofyekwa la mtu aitwaye Ceolmund.

Mpenzi wa mpira amelitamka neno hilo la lēah mara nyingi bila kujua. Wembley ni lēah ya mtu aliyeitwa Wemba, na jina hilo limo katika hati ya mwaka 825. Barnsley ni ya Beorn. Burnley ni mahali palipofyekwa kando ya mto Brun. Stanley ni penye mawe, na hapa kuna jambo la kuzingatia: yule Henry Morton Stanley aliyezunguka Afrika ya Mashariki na Kongo, ambaye mji wa Kisangani ulibeba jina lake enzi za Wabelgiji, hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands, na jina la Stanley alilichukua ukubwani akiwa Marekani. Jina la ukoo la Kiingereza linaweza kuvaliwa na mtu asiye na uhusiano wowote na mahali lilikotoka. Baadaye tutaona kwamba hata watu wakubwa walifanya hivyo, na sheria ikawaruhusu.

Sasa, jina la kijiji linageukaje kuwa jina la ukoo? Kabla ya Wanormani, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Fikiria kijiji chenye akina Juma wanne. Watu watalazimika kuwatofautisha: Juma mhunzi, Juma wa Ali, Juma mrefu, na Juma wa kule mtoni. Uingereza ilikuwa hivyo hivyo. Mhunzi akawa Smith, mwana wa John akawa Johnson, mrefu akawa Long, wa mtoni akawa Rivers au Bywater. Mwanzoni sifa hiyo ilikuwa ya mtu mmoja na ilikufa naye. Kati ya karne ya 12 na ya 14 ilianza kuwafuata watoto, kwanza kwa wenye ardhi, kisha kwa watu wa kawaida. Serikali ilisukuma jambo hilo bila kukusudia: kodi ya kichwa ya miaka ya 1377, 1379 na 1381 ilihitaji orodha za watu, na mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Jina likishaingia daftarini si rahisi kulibadilisha kila mtu anapohamia ng'ambo ya mto.

Wenye ardhi walitangulia kwa sababu kwao jina lilikuwa hati. Mtu akijiita "wa Cholmondeley" alikuwa anatangaza anachomiliki. Nasaba za Cheshire zinaeleza kwamba ukoo huu unatokana na mabaroni wa Malpas, na kwamba mmoja wa wana wa ukoo huo wa kale, Robert, alipewa ardhi ya Cholmondeley na baba yake, akachukua jina la ardhi hiyo. Tawi jingine la familia hiyo hiyo ya Malpas likapata kijiji jirani cha Egerton, nalo likaitwa Egerton. Ndugu wa damu wakawa na majina mawili tofauti kwa sababu ya mipaka ya mashamba. Kwa mazoea yetu, ambapo jina la mtu humtaja baba na babu, mpangilio huo ni wa ajabu: hapa baba hakutajwa kabisa, kilichotajwa ni udongo. Msomaji alishike jina la Egerton, kwani tutakutana nalo tena Njoro.

Turudi kwenye herufi zilizomezwa, maana ndizo zinazolifanya jina hili lizungumzwe. Kiingereza hutia mkazo mzito kwenye silabi moja, mara nyingi ile ya kwanza, na silabi zinazofuata hulegezwa hadi karibu kupotea. Kiswahili hakifanyi hivyo: mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu nyingine zote hubaki na sauti yake kamili. Chukua "Cholmondeley" lenye mkazo mwanzoni, liweke midomoni mwa wakulima, wachungaji na wapagazi wanaolitamka mara kumi kwa siku kwa karne tano. Irabu za katikati zinadhoofika kwanza. Zikishadhoofika, konsonanti L, M, N, D na L zinabaki zimebanana, na hakuna ulimi unaokubali msongamano kama huo, kwa hiyo nazo zinaanguka moja moja. Kinachobaki ni "Chamli". Si uvivu wala majivuno ya watu wakubwa, kama wengi wanavyodhani. Ni njia ya kawaida kabisa ya lugha hiyo. Ndiyo iliyofanya Leicester itamkwe "Lesta" na Worcester itamkwe "Wusta", na hakuna mtangazaji wa mpira anayeishangaa Leicester tena. Katika majina ya ukoo yapo mengine: Mainwaring, nalo la Cheshire, hutamkwa "Manaring", Beauchamp ni "Bicham", na Featherstonehaugh, lenye herufi 17, hutamkwa na wengi wao "Fanshoo".

Swali gumu zaidi ni hili: kama mdomo ulikwisha kuziacha herufi hizo, kwa nini kalamu haikuziacha? Jibu langu ni ardhi. Familia iliyobaki mahali pale pale, yenye hati za karne nyingi, kesi za mirathi, mihuri na makaburi yaliyochongwa jina, ina kila sababu ya kuandika leo kama ilivyoandika babu. Tahajia inakuwa sehemu ya ushahidi. Waliotoka na kwenda mbali hawakuwa na mzigo huo, na ukifuatilia matawi ya jina hili utaliona jambo hilo wazi.

Tawi lililohamia Yorkshire liliandika Cholmeley, bila OND. Sir Hugh Cholmeley wa Whitby ndiye aliyeishika ngome ya Scarborough kwa niaba ya mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. London kuna shule ya Highgate iliyoanzishwa mwaka 1565 na jaji Sir Roger Cholmeley, na wanafunzi wake wa zamani mpaka leo hujiita kwa jina lake. Marekani, ambako hakukuwa na kasri wala hati za kulinda, jina likaandikwa jinsi linavyosikika: Chumley. Mtaa wa Bedford jijini New York palikuwa na baa ya jina hilo, iliyofunguliwa na Leland Stanford Chumley mwaka 1922, wakati pombe ilikuwa marufuku nchini humo. Herufi tano za kimya zilikuwa zimekwisha kutupwa.

Waliobaki Cheshire walizidi kupanda. George Cholmondeley, mtoto wa familia yenye cheo cha erli, alimwoa mwaka 1723 Mary, binti wa Sir Robert Walpole, mtu anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Ndoa hiyo ilizaa matunda mwaka 1797, pale Horace Walpole, mwana wa Sir Robert, alipofariki bila mtoto na jumba la Houghton huko Norfolk, alilolijenga Sir Robert, likaangukia mikononi mwa akina Cholmondeley. Mkuu wa ukoo akajenga kasri jipya kijijini kwao mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1815 akapewa cheo cha markizi. Katika utawala wote wa Malkia Elizabeth II, wakuu wa ukoo huu ndio walioshika wadhifa wa kusimamia kasri la Westminster kwa niaba yake na kumtangulia alipokwenda kufungua bunge.

Lakini ardhi hiyo hiyo inayolinda jina inaweza kulifuta. Thomas Cholmondeley wa Shropshire, rafiki wa mwandishi wa Marekani Henry David Thoreau, ndiye aliyemtumia rafiki yake mwaka 1855 shehena ya vitabu 44 vya falsafa na dini za Kihindi. Alipokuja kurithi jumba la Condover aliacha jina lake na kujiita Owen, jina la familia iliyokuwa na mali ile. Urithi wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida: mtu mwenye shamba na asiye na mtoto wa kiume aliacha wosia kwamba atakayerithi achukue na jina, ili lisife. Kwa hiyo msomaji akiona jina la ukoo mashuhuri la Kiingereza asikimbilie kudhani kuna damu ya baba iliyonyooka kwa miaka 800. Mara nyingine damu ilikatika na jina likaendelea kwa karatasi ya wakili.

Hapa tunafika Kenya. Jina ambalo Wakenya wanalijua ni Delamere. Limo kwenye kikopo cha yogati, na msafiri wa barabara ya Nakuru huliona Naivasha anaposimama kunyoosha miguu. Wengi huamini ni jina la ukoo. Sivyo. Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, tawi la ukoo ule ule wa Cheshire, alipewa cheo cha baroni, na mtu anapopewa cheo huchagua kitaitwaje. Alichagua Delamere, msitu ulio karibu na kwake, ambao jina lake la Kifaransa cha Wanormani lilitokana na vidimbwi na maziwa madogo yaliyomo. Tangu hapo anayerithi cheo huitwa Lord Delamere na hutia sahihi kwa neno moja tu, Delamere. Jina la ukoo halijafutwa. Limewekwa nyuma ya pazia. Ndugu zake wasiorithi cheo hubaki na Cholmondeley lao hadharani.

Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa mwaka 1870 na kurithi cheo akiwa na miaka 17. Alikuwa mwindaji wa simba huko Somalia, na mmoja wao alimjeruhi mguu hata akawa anachechemea maisha yake yote. Mwaka 1897 aliteremka kutoka Somalia kwa miguu na ngamia hadi nyanda za juu za Kenya, akaziona, na akaamua. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa eneo la ekari 100,000 karibu na Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Mifugo yake ilikufa kwa magonjwa, ngano yake ikaliwa na kutu, akaweka rehani mali ya Cheshire ili aendelee. Baadaye akajenga himaya yake Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa ndiye sauti kuu ya walowezi, na barabara kubwa ya Nairobi iliitwa Delamere Avenue. Baada ya uhuru ikaitwa Kenyatta Avenue, na sanamu yake ikaondolewa.

Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wamaasai waliichunga Naivasha, Nakuru na Elmenteita kabla ya ramani yoyote ya Kizungu kuchorwa, na kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911 walihamishwa, kwanza kwenda Laikipia na kusini, kisha Laikipia nayo wakanyang'anywa. Siwezi kueleza maana ya jina Cholmondeley nikaliruka hilo. Kule Cheshire mtu alichukua jina kutoka kwenye ardhi aliyopewa na baba yake. Huku mjukuu wa ukoo huo alipewa na serikali ardhi isiyokuwa ya serikali hiyo.

Na jirani yake Njoro alikuwa nani? Maurice Egerton, baroni wa Egerton wa Tatton. Matawi mawili ya Malpas, yaliyopewa majina na vijiji viwili vinavyopakana, yalipanga tena mashamba jirani maelfu ya kilomita kutoka kwao. Mwaka 1939 Egerton alitoa ardhi ikaanzishwa shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu. Baadaye ikafunguliwa kwa watu wote, na tangu mwaka 1987 ni Chuo Kikuu cha Egerton. Jina lake pia lilikuwa limepita kwenye karatasi ya wakili: mwaka 1780 Samuel Egerton wa Tatton alifariki bila mrithi wa kiume, mali ikaenda kwa dada yake Hester, mjane wa mtu aitwaye Tatton, na yeye na uzao wake wakalirudia jina la Egerton.

Maurice hakuoa wala kuacha mtoto, na alipofariki mwaka 1958 cheo chake kilikufa pamoja naye. Kifo cha namna hiyo ndicho kinachoeleza kwa nini majina mengine ni mengi na mengine ni adimu. Smith lilizuka mara maelfu, kila kijiji chenye mhunzi. Cholmondeley lilizuka mahali pamoja, kwa familia moja. Mwanasayansi Francis Galton alilitazama swali hilo miaka ya 1870 kwa msaada wa Henry William Watson, kasisi mwenye kipaji cha hesabu, na mwaka 1874 wakachapisha hesabu zao. Wanahisabati waliowafuata walizinyoosha, na kanuni yake ni hii: ikiwa kila mwanamume kwa wastani anaacha mtoto mmoja wa kiume au pungufu, jina lililoanza na mtu mmoja litakwisha, hata ikichukua karne nyingi. Wastani ukizidi mmoja, lina nafasi ya kudumu, lakini bado linaweza kukatika mapema kwa bahati mbaya ya vizazi vichache vyenye mabinti watupu. Ukoo wa Cholmondeley ulinusurika kwa sababu ulikuwa na matawi kadhaa na mali ya kuwaozesha na kuwalisha watoto wengi.

Uadimu wa jina una faida na hasara, na hakuna aliyelijua hilo kama Charles Cholmondeley, ofisa wa jeshi la anga aliyefanya kazi katika idara ya ujasusi MI5 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yeye ndiye aliyebuni wazo la kuwadanganya Wajerumani kwa maiti iliyobeba nyaraka za uongo, na akalitekeleza pamoja na Ewen Montagu wa jeshi la majini. Mwili wa Glyndwr Michael, maskini kutoka Wales, ulivalishwa sare na kuachwa baharini karibu na Huelva, Hispania, tarehe 30 Aprili 1943. Wajerumani wakaamini shambulio litakuja Ugiriki na Sardinia. Julai likaja Sicily. Maiti ile ilihitaji jina la bandia, na wakachagua William Martin, kwa sababu akina Martin wa cheo kile walikuwa kadhaa katika kikosi husika na ingekuwa vigumu kwa adui kumtofautisha. Wenye Cholmondeley na Montagu walijua kwamba anayetaka kujificha hachagui jina kama lao.

Kwa anayechunguza nyaraka za kikoloni au nasaba za Kiingereza, yote haya yana matokeo ya vitendo. Usitafute Cholmondeley peke yake. Tafuta pia Cholmeley, Chumley na Chomley, na katika kumbukumbu za Kenya tafuta Delamere, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa chini ya D katika orodha ya vyeo na chini ya C katika cheti cha kuzaliwa. Devon kuna mji uitwao Chulmleigh, nao ni lēah ya Ceolmund mwingine, kwa hiyo jina lenye tahajia inayokaribiana na hiyo si lazima litoke Cheshire. Angalia kwanza mtu huyo alizaliwa jimbo gani, kisha ndipo uangalie herufi.